Jina Halichapwi

Kituoni, Malindi
Jumatano, 12 Februari 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Mpe Baba mkono kwa niaba yangu, na uniambie kama miguu yake imeacha kuvimba. Msalimie pia binti yako Dama, najua sasa amefika darasa la tano na anajiona mtu mzima. Simu tulinyang'anywa getini siku ya kwanza, na hatutazishika mpaka siku tisini ziishe. Ndiyo maana umeletewa karatasi na jirani yako Kazungu. Huleta sukuma na mchicha jikoni kwetu kila Alhamisi, nami nimemwomba awe posta yetu.

Leo ni siku yangu ya arobaini na moja bila kuvuta unga. Yale maumivu ya arosto yamekwisha, silali tena nikitetemeka. Nimeanza hata kuota mashavu, ungeniona ungenicheka.

Nina mambo mawili. La kwanza ni hiyo fomu iliyomo kwenye bahasha. Siku tisini zikiisha, kituo hakimwachii mtu aende zake hivi hivi. Lazima jamaa mmoja atie sahihi kwamba atampokea nyumbani. Asipopatikana, nitatoka na mfuko wangu wa nguo mpaka barabarani, na wewe unajua barabara ile itanifikisha kwa nani. Sina mwingine wa kumwomba. Nataka kurudi Matsangoni nikae na binti yangu. Tangu mama yake aolewe kule Junju akamwacha Sidi kwako, mwaka umetimia, nami namkumbuka mpaka naona haya mbele ya wanaume wenzangu.

La pili linachekesha kidogo. Mshauri wetu, Bi. Ndinda, ametupa maswali ya ndiyo na hapana, kurasa mbili. Nusu yanapima jinsi mtu anavyovutwa na zawadi, nusu jinsi anavyoumizwa na adhabu. Je, ukiona kitu kizuri unaweza kungoja hadi kesho? Je, ukikaripiwa asubuhi, jioni bado unalifikiria? Kwenye zawadi nimepata ishirini na mbili kati ya ishirini na nne. Kwenye adhabu, mbili. Bi. Ndinda alinitazama juu ya miwani yake akasema hajapata kuona mbili. Anasema watu huzaliwa na mizani tofauti, na ikilalia mno upande mmoja mtu anaweza kuugua. Huyu anakimbilia raha mpaka inammaliza, yule anaogopa kosa mpaka hatoki nyumbani. Nimekuwekea nakala. Hebu jibu tuone yako.

Ndugu yako,
Ziro


Matsangoni
Jumanne, 18 Februari 2025

Ziro,

Marahaba. Miguu ya Baba imepungua. Fomu nimeiona, na siitii sahihi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimepandwa na hasira mpya. Umekaa huko siku arobaini na moja unapikiwa, umepewa karatasi ya kukuambia kwamba ulizaliwa hivyo, basi, mambo yamekwisha. Cherehani ya marehemu mama uliyoichukua chumbani kwangu ukaenda kuiuza Watamu, ni mizani. Sidi kukaa siku mbili kwa jirani akikungoja, ni mizani. Sisi wengine tunapaswa kucheka.

Ngoja nikuchekeshe na mimi. Ulipata mbili kwa sababu hujawahi kuchapwa hata siku moja. Umesahau kwa nini, au unajitia umesahau? Una jina la babu, baba yake Baba. Ulikuwa hujaota meno Baba akikuita "baba". Katika nyumba nyingine za kwetu, mtoto mwenye jina la mzee huchapwa kama wenziwe, na watu hutania kwamba leo mzee kakiona cha moto. Baba yetu hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mwalimu mkuu, alisema mkono wake hauwezi kumwinukia baba yake mzazi. Lakini pia hakuweza kuona kosa likipita bila adhabu, maana shule yake ilisifika kwa hilo hapa hadi Kilifi. Akatafuta njia, na njia ikawa mimi.

Uliwafungulia mbuzi wakala mahindi ya kina Katana, nikapigwa fimbo sita. Ulipanda juu ya paa la kanisa ukatumbukia na makuti, nikapigwa kumi na wewe ukapewa wali kwa sababu ulikuwa umeshtuka. Tena alinieleza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. "Kache, kosa limefanyika, lazima pawe na wa kuchapwa, na wewe ndiye mkubwa."

Sasa nina miaka thelathini na sita. Simu ikilia, naomba msamaha kabla sijajua ni nani. Nikimaliza sare ya mwanafunzi naikagua mshono mara nne, naifumua, naishona tena. Juzi mwalimu aliniambia, "Kache, pitia ofisini," nikapita njia ya nyuma nimkwepe, na kumbe alitaka kuniagizia sketi kumi. Daktari wa Kilifi amenipa dawa za wasiwasi ambazo nazimeza nikijificha. Hayo sikuzaliwa nayo. Niliyapata kwa ajili yako. Mwambie hivyo Bi. Ndinda wako.

Sidi hajambo. Ana jina la mama yetu, na katika nyumba hii hajaguswa na mtu. Usimtumie yeye kunibembeleza.

Kache


Kituoni, Malindi
Jumatano, 26 Februari 2025

Dada Kache,

Shikamoo. Nilipomaliza barua yako nilikwenda kukaa nyuma ya bafu mpaka kengele ya chakula ikalia. Cherehani niliuza. Sidi nilimwacha. Siyapingi hayo na sitafuti pa kujificha.

Lakini usiniambie nilipewa raha. Unakumbuka nilikuwa wapi ukichapwa? Nilikuwa mlangoni. Baba alitaka nisimame pale nitazame, alisema hilo ndilo somo langu. Nami nilijifunza, tena vizuri. Nilijifunza kwamba nikifanya jambo, utamu ni wangu na maumivu yanakwenda kwa mtu mwingine. Mtu akilelewa hivyo miaka kumi, unadhani akiwekewa unga mbele yake ataogopa nini? Na wewe usiniandikie kana kwamba mimi ndiye niliyeshika fimbo. Hasira yako unaileta kwangu kwa sababu Baba humwezi. Unampikia uji, unamkanda miguu, halafu unanitukana mimi.

Nilimuuliza Bi. Ndinda kama ni kuzaliwa au ni malezi. Akasema yote mawili, na hayaachani. Wewe tangu mdogo ulikuwa ukikatazwa kwa sauti tu, unalia, huli. Mimi nilianguka mnazini nikainuka nikicheka nikapanda tena. Aliyetosheka na neno moja alipigwa fimbo kumi, na aliyehitaji kushikwa mkono aliachwa akaenda. Baba alitugawia kinyume, na kila mmoja wetu ameharibika kwa upande wake. Sisemi ili unihurumie. Nasema kwa sababu nami nina hasira, na ni mara ya kwanza kujua inamhusu nani.

Na kwa kuwa hapa tunahimizwa tusifiche, nitakuambia moja. Si kila mara nilikosea kwa bahati mbaya. Ulipomwambia mama kwamba umeniona na sigara, nilikwenda ofisini kwa Baba nikavunja kile kioo cha kabati. Makusudi. Nilijua nani atachapwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijapata kumwambia mtu.

Ziro


Matsangoni
Jumanne, 4 Machi 2025

Ziro,

Zilikuwa kumi na nne.

Fimbo za kile kioo zilikuwa kumi na nne, na Baba hakuwa na hakika ni nani kati yetu, kwa hiyo safari ile nilichapwa mpaka nikiri mwenyewe. Nikakiri. Nilisimama mbele ya gwaride la wanafunzi Jumatatu nikaomba msamaha kwa kioo ambacho sikukigusa. Miaka ishirini na minne nimekuwa nikijiuliza labda nilikigusa, labda nilipita pale na kikapu nikasahau. Niliwahi kuungama kanisani kwa kioo hicho. Padri alinipa sala za kitubio nikazisali zote.

Na wewe ulikuwa mlangoni.

Sitaki kusikia tena tulivyogawiwa. Wewe ulichagua. Mtoto wa miaka kumi na moja anayejua nani atachapwa hana mizani mbovu, ana roho mbaya. Maswali yako nimeyajibu, nimekufungia humu. Adhabu ishirini na nne kati ya ishirini na nne. Zawadi tano. Mpelekee Bi. Ndinda, hayo pia pengine hajapata kuyaona. Fomu iko chini ya godoro. Nilitaka kuichana nikaogopa, kwa sababu ina muhuri. Ndivyo nilivyo, na huyo uliyemtengeneza ndiye unayemwomba akupokee.

Hutalala chini ya paa langu. Sidi anabaki hapa. Siku niliyomzaa Dama niliapa kwamba nyumbani kwangu hapana mtoto atakayepitia niliyoyapitia mimi. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri maishani mwangu, na sitakuruhusu uje ukiharibu.

Usiniandikie tena.

Kache


Matsangoni
5 Machi 2025

Kwa Baba yangu Ziro,

Shikamoo baba. Mimi sijambo, natumaini na wewe hujambo huko hospitali. Barua hii nampa Kazungu mwenyewe, shangazi hajui. Nimekuwa nambari tatu darasani. Mwalimu amesema mwandiko wangu ni mzuri.

Shangazi ananiita mama. Hanichapi hata nikikosea kwa sababu mimi ni nyanya, mama yake. Nikikosea anachapwa Dama. Mwanzo nilikuwa nalia lakini sasa nimezoea. Wiki iliyopita nilikata kitambaa cha sare nikamshonea mwanasesere wangu nguo, Dama akachapwa halafu akasimamishwa jikoni bila chakula. Babu alisema ni sawa.

Dama hana maneno siku hizi. Juzi alininyima kalamu yake nyekundu, nikamwambia nitamwaga maziwa ya babu. Akanipa. Sasa ananipa kila kitu nikitaka. Ananipa hata nyama yake.

Baba ukija niletee kalamu za rangi. Ukija utaniita Sidi au utaniita mama?

Mwanao,
Sidi Ziro


Kituoni, Malindi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kache,

Kazungu ananingoja na pikipiki yake imewashwa, kwa hiyo sitarefusha.

Nakutumia barua ya mwanangu uisome. Usithubutu kumgombeza kwa kuiandika. Najua hutamgombeza, utamgombeza Dama.

Uliniandikia kwamba mimi ni roho mbaya kwa jambo la mtoto wa miaka kumi na moja. Wewe una miaka thelathini na sita. Unajua vizuri kuliko mtu yeyote hapa duniani fimbo ile inaumaje, na umeichukua ukamkabidhi binti yako uliyemzaa mwenyewe. Na mwanangu umemfanya nini? Ana miaka tisa na tayari anajua kumtisha mwenzake kwa maziwa. Huyo ni mimi, Kache. Unanitengeneza tena, hapo hapo, mbele ya macho yako, na jioni unakaa unaniandikia kwamba nyumba yako ni safi.

Na Baba anasema ni sawa.

Ziro


Kituoni, Malindi
Jumatano, 12 Machi 2025

Kwa Bi. Kache Nzai,

Habari yako. Mimi naitwa Ndinda, mshauri wa ndugu yako Ziro. Samahani kwa kukuandikia bila kukujua, lakini wewe ndiye jamaa aliyeandikishwa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8, Ziro alitoka kituoni asubuhi bila ruhusa. Tulimtafuta mjini kwa wale wanaouza, tukiamini amerudia. Jioni, kabla ya chakula, alirudi mwenyewe. Tulimpima na hakuwa ametumia kitu chochote. Hakutaka kusema alikuwa wapi.

Kanuni yetu ni moja kwa wote. Anayetoka bila ruhusa anarudi siku ya kwanza, na zile sitini na kitu alizokaa zinafutwa. Nimewaambia hivyo watu wengi, na wengi hutukana au hubeba nguo zao wakaenda. Ziro aliniuliza kama siku ya kwanza ni leo au ni kesho. Halafu akalia. Nimekuwa naye zaidi ya miezi miwili na sikuwahi kuona adhabu ikimfikia.

Fomu ya kumpokea itahitajika mwezi wa sita sasa, si wa nne. Uamuzi ni wako na hakuna atakayekulaumu.

Jambo la mwisho si la Ziro. Nimeona majibu yako ya maswali. Ningefurahi kama ungekuja siku moja tuongee, kwa ajili yako mwenyewe. Njoo na yeyote unayetaka.

Wako,
Ndinda


Matsangoni
Jumanne, 18 Machi 2025

Ziro,

Nimekaa na kalamu hii tangu juzi. Bado nina hasira nawe, nataka ulijue hilo kwanza, usije ukadhani nimelainika.

Jumamosi ile nilikuwa nimepeleka sare Kilifi. Niliporudi nilimkuta Baba ameketi kitandani, ameupa mlango mgongo, na uji wangu wa asubuhi haujaguswa. Sidi ndiye aliyenieleza, kwa furaha, kwamba ulikuja bila kalamu za rangi ukamkalia babu kooni.

Alinisimulia yote. Kwamba uliichukua fimbo ya mwarobaini juu ya kabati ukamtia Baba mkononi, ukapiga magoti, ukamwambia, "Mzee, nina miaka thelathini na mitano, sijachapwa. Nimekuja kuchapwa." Kwamba Baba alikataa, akasema hawezi kumpiga baba yake, na wewe ukamwambia basi hutoki pale hadi aweze. Kwamba mlipandisha sauti mpaka mke wa Katana akaja kuchungulia uani.

Na kwamba Dama alitoka jikoni. Hakuitwa na mtu. Alisikia sauti zimepanda, akaacha vyombo, akaja akasimama kati yenu akanyoosha mikono yote miwili, akafumba macho.

Sidi anasema ulimshusha Dama mikono, ukamrudisha jikoni, ukaondoka hata bila kunywa maji.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma ya Sidi. Nataka kukueleza ilivyoanza, si kwa kujitetea. Wiki ya kwanza Sidi alipoletwa, alichezea mkasi akakata shati la mteja vipande viwili. Mkono wangu uliinuka. Nikamwona ni mama, ana pua ile ile ya mama, na mkono ulikuwa umeshainuka tayari, na Dama alikuwa karibu. Ndivyo tu. Baada ya pale sikufikiri tena. Nilikuwa nikisema maneno ya Baba kwa sauti yangu mwenyewe, "wewe ndiye mkubwa", na moyo wangu ukitulia kila nikiyasema, kwa sababu kosa lilikuwa limepata mwenyewe na mwenyewe si mimi. Nikisema sikujua nitakuwa nadanganya. Nilijua. Nilikuwa nafumua sketi za watu mara nne na kosa lile moja sikulikagua.

Kwa hiyo hasira yako ilikuwa ya haki. Yangu pia ni ya haki. Kioo sikusamehe. Pengine tutazeeka hivyo, kila mtu na yake.

Baba nimemwambia. Nilimwekea uji mezani, nikaketi mbele yake, nikamwambia fimbo ile nimeikata kuni na nimeipikia, na kwamba Sidi nitamwita Sidi. Alisema nimeleta laana nyumbani. Niliishika meza kwa mikono miwili, sitakuficha. Lakini sikuondoka pale mpaka nilipomaliza. Nikamwambia amekosea kwangu, na amekosea kwako, na mimi nimekosea kwa Dama, na kila mmoja abebe lake. Hakunitazama. Miguu namkanda bado.

Sidi hafurahi. Juzi alimwaga maziwa kweli, ili aone. Nilimwambia afute, na kwamba jioni hatakwenda kucheza kwa kina Katana. Alinitazama kana kwamba nimesema Kifaransa. Alilia mpaka akalala, na nilikaa karibu naye muda wote, maana uliandika kwamba wewe ulihitaji kushikwa mkono, na hilo angalau uliliandika sawa.

Fomu nimetia sahihi. Kazungu anayo. Sikuitia kwa kukuhurumia. Wale watoto wanahitaji mtu mzima mwingine nyumbani ambaye nikiinua mkono atanishika. Alhamisi ijayo nitapanda pikipiki ya Kazungu na Dama, twende kumwona Bi. Ndinda. Wewe hutatuona, maana siku zako za kwanza hazina wageni, na ni vyema.

Nimechelewa kumaliza barua hii kwa sababu ya Dama. Jana nilipowasomea watoto barua ya Bi. Ndinda, nilipofika pale kwamba umefutiwa siku zako zote na unaanza upya, aliacha kula. Baadaye, nikipiga pasi, alikuja akasimama nyuma yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba alitoroka. Sasa nani anaadhibiwa?"

Nikamwambia, "Yeye mwenyewe."

Akaniuliza tena, kwa sababu hakuniamini.

Dada yako,
Kache